Mtoto wa Mbwa kwa Daktari: Aachwe au Asubiriwe?

Mtoto wa mbwa hupelekwa kwa daktari wa mifugo kwa mara ya kwanza akiwa na wiki sita hadi nane, umri ambao wengi huachishwa ziwa na kuhamia nyumba mpya. Safari hiyo, na nyingine zinazofuata hadi atimize miezi minne, si za ugonjwa. Ni za kupimwa, kupewa dawa ya minyoo na kuchanjwa. Katika miji kama Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, ambako foleni inaweza kumaliza asubuhi yote, zipo kliniki zinazompokea mbwa mapema, mwenyewe akaenda kazini, na kumkabidhi jioni akiwa ameshahudumiwa. Kwa mwajiriwa huo ni msaada mkubwa. Kwa mbwa wa umri huo jambo ni tofauti, na tofauti hiyo huonekana mara tu inapoulizwa ni kitu gani hasa kinachokwenda kufanywa na kinachukua muda gani.

Uchunguzi wa kawaida ni kazi ya nusu saa, pengine hata chini ya hapo. Huanzia kwenye mizani, kwa kuwa kipimo cha dawa ya minyoo hufuata uzito. Daktari hufungua mdomo, hutazama kama kaakaa lina ufa, huangalia meno ya utotoni ambayo yakitimia huwa 28, kisha hubonyeza ufizi kwa kidole na kuuachia. Ufizi hugeuka mweupe, na kwa mbwa mzima hurudia rangi yake ya waridi ndani ya sekunde mbili. Ufizi uliopauka kabla hata haujaguswa humfanya daktari wa ukanda huu awaze minyoo ya safura, viroboto na kupe kabla ya jambo jingine lolote. Mkono hushuka tumboni kutafuta ngiri ya kitovu, na kwa dume hupapasa kama korodani zimeshashuka. Kifuani husikilizwa moyo, na hapa wenye mbwa hupata hofu isiyo ya lazima: sauti ndogo ya ziada kwenye mapigo ya mtoto wa mbwa mara nyingi ni ya ukuaji tu na hutoweka kabla ya miezi mitano, ingawa daktari huiandika na kuisikiliza tena safari ijayo. Ngozi hukaguliwa manyoya yakirudishwa nyuma: upele, viroboto, na katika maeneo ya joto, vijipu vyenye tundu dogo juu, ambamo mabuu ya nzi hupumulia. Joto la mwili hupimwa kwa kipimajoto njia ya haja kubwa. La kawaida huwa kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, kiwango ambacho kwa binadamu kingeitwa homa. Kinyesi kidogo huwekwa chini ya hadubini kutafuta mayai ya minyoo. Mwisho ni sindano ya chanjo.

Katika yote hayo hakuna linalomhitaji mbwa akae kutwa. Akiachwa asubuhi, nusu saa ni ya kuhudumiwa na saa zilizobaki ni za kukaa kizimbani akingoja zamu yake, halafu akingoja kufuatwa. Hata sampuli ya kinyesi, ambayo wakati mwingine hutolewa kama sababu ya kumwacha, inaweza kutoka nyumbani ndani ya kikopo safi chenye mfuniko, ilimradi ni ya asubuhi hiyohiyo.

Kuna kinachopotea pia mwenyewe anapokosekana. Nusu ya uchunguzi wa mnyama ni maswali, kwa kuwa mgonjwa hasemi. Anakula nini, na tangu lini? Amewahi kutapika? Kama mama yake anajulikana, alichanjwa? Amelala wapi, na kuna mbwa mwingine aliyekufa katika uwanja huo miezi ya karibuni? Katika nyumba nyingi za mijini anayeyajua majibu ni mlinzi au dada wa kazi, ndiye anayemlisha na kuzoa kinyesi chake, wala si mwenye nyumba anayelipa. Huyo ndiye anayefaa kwenda na mbwa na kusimama karibu na meza. Mbwa aliyeachwa mapokezi na dereva, pamoja na karatasi yenye jina na namba ya simu, huchunguzwa kwa macho na mikono tu, na daktari mzuri hulijua pengo hilo hata kama halisemi.

Hatari kubwa zaidi ya kumwacha ni maambukizi, na ya kwanza ni parvo. Ugonjwa huu haukujulikana kwa mbwa hadi miaka ya 1970. Mwaka 1978 ulisambaa duniani na haujaondoka tangu hapo. Kirusi hushambulia utumbo na uboho wa mifupa. Mbwa hugoma kula, hutapika, huharisha damu yenye harufu nzito na kuishiwa maji. Kirusi hicho hutoka kwa wingi kwenye kinyesi, na huweza kuanza kutoka kabla mbwa hajaonyesha dalili yoyote. Kikishaanguka kwenye sakafu, udongo, kiatu au nguo, huweza kukaa miezi mingi kikiwa hai. Spiriti na sabuni nyingi za kawaida hazikiui. Klorini hukiua, lakini kwa masharti: uchafu uoshwe kwanza, kisha klorini iliyochanganywa kwa kipimo sahihi iachwe juu ya sakafu kwa dakika kama kumi. Mbwa wenye parvo hutibiwa kwenye kliniki zilezile zinazochanja mbwa wazima, kwa hiyo kizimba anachopewa mtoto wa mbwa leo huenda juzi kilikuwa cha mgonjwa, na usalama wake umo mikononi mwa aliyekisafisha.

Mwenye mbwa huweza kujipa moyo kwamba chanjo ya kwanza imeshachomwa. Haitoshi, na sababu yake inafaa kueleweka vizuri. Mtoto wa mbwa hupata kinga ya mwanzo kutoka kwenye dang'a la mama. Kinga hiyo hupungua wiki hadi wiki, ila kabla haijaisha huizima chanjo. Kwa hiyo hufika kipindi ambapo kinga ya mama imeshakuwa dhaifu mno kumlinda lakini bado ina nguvu ya kuharibu kazi ya sindano, na kwa kumtazama tu mbwa hakuna anayeweza kusema kipindi hicho kimeangukia wiki ipi. Ndiyo maana mwongozo wa WSAVA, chama cha dunia cha madaktari wa wanyama wadogo, unataka chanjo za msingi zianze wiki ya sita hadi ya nane, zirudiwe kila wiki mbili hadi nne, na ya mwisho ichomwe mbwa akiwa na wiki 16 au zaidi. Muuzaji anayemkabidhi mnunuzi mbwa wa wiki saba na kumwambia kwamba “ameshachanjwa” amesema sehemu ndogo tu ya ukweli. Rottweiler, Doberman na German Shepherd, ambao ndio wanaopendwa sana kwa ulinzi, ni miongoni mwa aina zinazojulikana kuathirika zaidi na parvo, na kwao ratiba hiyo haina nafasi ya kuchelewa.

Parvo haiko peke yake. Distempa husambazwa na majimaji ya pua na kikohozi, na uwezo wake ulionekana wazi mwaka 1994, ilipoua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, kwa kirusi kilichohusishwa na mbwa wa vijiji vya jirani. Kikohozi cha kuambukiza huenea kwa urahisi popote mbwa wanapovuta hewa moja. Leptospirosisi, ambayo Watanzania waliifahamu kwa jina la homa ya mgunda ilipozuka mkoani Lindi mwaka 2022, hubebwa na mkojo wa panya na wanyama wengine, na chanjo yake haimo katika kila mchanganyiko wa chanjo za mbwa. Inafaa kumwuliza daktari kama imo.

Madhara mengine ya kutwa nzima kizimbani hayaonekani kwa hadubini. Watafiti John Paul Scott na John L. Fuller, waliofanya kazi kwa miaka mingi Bar Harbor nchini Marekani na kuchapisha kitabu chao mwaka 1965, walionyesha kwamba mbwa ana kipindi maalumu cha kuizoea dunia, kuanzia kama wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili. Anachokutana nacho kwa wema katika wiki hizo hukikubali kwa urahisi hata akiwa mkubwa. Kinachomtisha humkaa kwa muda mrefu. Chanjo za mwanzo zinaangukia humohumo. Mtoto wa mbwa anayeingia kliniki mikononi mwa mtu anayemjua, akalishwa kipande cha kuku wakati sindano inaingia na kutoka baada ya nusu saa, hujifunza jambo tofauti kabisa na yule aliyekaa saa nane kwenye chuma baridi, mbwa wakubwa wakibweka kulia na kushoto. Mbwa huyo wa pili akifikisha kilo arobaini, daktari atahitaji watu watatu na kamba ya mdomo ili amchome sindano moja. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walichapisha matokeo ya kulinganisha mbwa waliochunguzwa mwenyewe akiwepo na waliochunguzwa bila mwenyewe: hao wa pili walitoa sauti za malalamiko zaidi.

Ni kweli pia kwamba mwenyewe anaweza kuwa tatizo. Mtu anayepiga kelele sindano ikionekana, au anayemvuta mbwa mezani, humzidishia hofu, na daktari huweza kuomba amchukue mbwa chumba cha ndani kwa dakika tano. Ombi hilo halina ubaya wowote, na halifanani na kumwacha kutwa.

Mizani hugeuka kabisa mbwa anapokuwa mgonjwa. Mtoto wa mbwa aliyetapika zaidi ya mara moja, anayeharisha damu, aliyegoma kula na kulala bila kuitika anapoitwa, anapaswa kufikishwa kliniki saa hiyohiyo, na daktari akisema alazwe, alazwe. Mwili wake ni mdogo na akiba yake ya maji na sukari ni ndogo zaidi. Anaweza kuishiwa ndani ya siku moja. Parvo isiyotibiwa huua wengi wa wanaoipata. Ikitibiwa mapema kwa dripu, dawa ya kuzuia kutapika na antibiotiki za kuzuia bakteria wa utumboni wasiingie kwenye damu, wengi hupona. Tiba hiyo hufuatiliwa saa kwa saa, na nyumbani ni vigumu kuifanya ipasavyo. Desturi ya kumnywesha maziwa au kumwachia mpaka kesho “tuone” imeua mbwa ambao wangepona. Kliniki ipigiwe simu njiani, ielezwe dalili, ili mgonjwa apokelewe nje au apitishwe mlango mwingine, asikae mapokezi na watoto wa mbwa waliokuja kuchanjwa.

Zipo sababu nyingine halali za kumwacha. Kuhasiwa au kufungwa kizazi huhitaji kutwa, na wakati mwingine usiku. Picha za eksirei zinazotaka mbwa atulizwe kwa dawa humlazimu abaki mpaka aamke sawasawa. Kipimo cha asidi za nyongo, kinachofanywa pale mtoto wa mbwa aliyedumaa anaposhukiwa kuwa na kasoro ya mishipa ya ini, huchukua damu kabla ya kula na tena saa mbili baada ya chakula. Mbwa aliyemng'ata mtu ni suala la peke yake. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama meno yaliyomchubua ni ya mbwa mdogo anayecheza, kwa sababu chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huchomwa kuanzia miezi mitatu na kabla ya hapo mbwa hana kinga ya kutegemewa. Mbwa mwenyewe hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10, na pale nyumbani pasipo na mahali pa kumtenga, kliniki yenye chumba cha kutenga ndiyo inayofaa. Kusubiri baada ya chanjo, kwa upande mwingine, si sababu ya kumwacha kutwa. Mzio mkali huonekana haraka, kwa uso kuvimba, kutapika au kuishiwa nguvu. Nusu saa ya kukaa nje ya kliniki mbwa akiwa mapajani inatosha kwa sehemu kubwa, kisha aangaliwe nyumbani siku hiyo.

Mwenye kulazimika kumwacha anayo haki ya kuiona sehemu atakayowekwa. Kliniki inayokataa kabisa mteja achungulie vizimba imeshajibu swali. Panapofaa, wagonjwa wa kuambukiza wana chumba chao, vyombo vyao na viatu vya kuingilia humo tu, na mhudumu huwashughulikia mwishoni baada ya wazima. Sakafu ni ya saruji laini au vigae, inayooshwa ikakauka. Mbwa wana maji. Kwa anayelala, swali la usiku ni la lazima, kwa sababu si kila kliniki yenye vizimba ina mhudumu wa zamu baada ya kufungwa. Kwingine anayebaki ni mlinzi wa getini, ambaye hawezi kujua kwamba dripu imeziba. Mwenye mbwa mahututi anaweza kuona bora kumhamishia kwenye kliniki yenye daktari wa usiku. Usajili nao huulizwa bila aibu. Tanzania ina Baraza la Veterinari chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na Kenya ina bodi yake ya madaktari wa mifugo chini ya sheria ya mwaka 2011; daktari aliyesajiliwa huwa na cheti cha kuonyesha.

Mijini kuna njia ya tatu ambayo wengi wameizoea, nayo ni kumwita daktari nyumbani. Kwa mtoto wa mbwa mzima anayesubiri chanjo, njia hii huondoa karibu hatari zote zilizotajwa: hakuna kizimba, hakuna sakafu ya wagonjwa, na wanaomjua wote wapo. Udhaifu wake uko kwenye ubaridi. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na daktari anayezunguka Dar es Salaam, Mbagala mpaka Tegeta, kwa pikipiki bila kasha la barafu anaweza kuwa anachoma maji tu. Kichupa kionekane kikitolewa kwenye ubaridi, unga mkavu uchanganywe na maji yake papo hapo, na lebo ibanduliwe kwenye kichupa na kubandikwa kwenye kadi pamoja na tarehe na sahihi. Udhaifu wa pili ni kwamba daktari wa nyumbani hana maabara wala dripu ya siku tatu. Mbwa anayeumwa apelekwe kliniki.

Maandalizi ya siku ya kwenda ni machache. Miadi ya kwanza asubuhi ndiyo bora, kabla wagonjwa hawajajaa. Mbwa asiyemaliza chanjo abebwe, awe kwenye kikapu au boksi lenye matundu na kitambaa chini, iwe ni kwa gari, bajaji au bodaboda, na asiwekwe chini mapokezi wala kunusana na wengine. Kwa uchunguzi wa kawaida hana haja ya kushinda njaa. Kwa upasuaji daktari hutoa saa za kufunga, na hizo zifuatwe kama zilivyo, kwa kuwa mbwa mdogo sana akinyimwa chakula usiku kucha sukari yake hushuka, hasa wa aina ndogo kama Chihuahua. Anayeachwa aende na chakula chake alichozoea, kwa sababu kubadilishiwa ghafla huleta kuharisha ambako baadaye hakuna atakayejua kama ni chakula au ugonjwa. Kitambaa chenye harufu ya nyumbani humtuliza. Kwenye fomu ya idhini iandikwe namba ya mtu atakayepokea simu kweli, na anayeweza kusema ndiyo au hapana: kipimo kipi kifanyike bila kuuliza, gharama isizidi kiasi gani, na hatua gani ichukuliwe akizidiwa kabla simu haijapokelewa. Haya yasiposemwa asubuhi, husemwa jioni kwa ugomvi wa bili.

Wakati wa kumchukua, kadi isomwe palepale kaunta. Lebo za chanjo ziwepo, uzito uwe umeandikwa, jina la dawa ya minyoo na tarehe ya kurudi vionekane. Daktari au msaidizi aeleze kwa mdomo alichokiona, maana “yuko sawa” si taarifa.

Aliyekaa kliniki kutwa huangaliwa kwa wiki mbili zinazofuata. Uchovu na uvimbe mdogo mahali pa sindano kwa siku moja au mbili ni wa kawaida. Parvo huchukua kati ya siku tatu na saba kujitokeza kwa wengi, na kwa baadhi huchelewa hadi wiki mbili. Kikohozi kikavu cha kuambukiza nacho huweza kuchukua muda kama huo. Akigoma chakula, akitapika au kuharisha ndani ya kipindi hicho, arudishwe bila kusubiri, na kliniki iambiwe tarehe aliyokuwa pale na kizimba alichowekwa, ili pasafishwe upya na wenye mbwa wengine waliokuwapo siku ile wapigiwe simu.